Wati Zisizo na Mwenyewe

Tuelewane mapema: Mama Koili hakuwa mtu mwema. Anayetaka habari za mama mpole mwenye kipaji, anayefanya kazi kimya kimya mpaka watu wamwonee huruma, atafute pengine. Huyu alikuwa na mdomo. Aliamka nao kabla ya chai, akashinda nao kutwa, na akifunga karakana bado ulikuwa na nguvu za kumsindikiza nyumbani. Lakini kwenye kusuka mota, jamani, tumpe haki yake: hakuna aliyemkaribia.

Karakana yenyewe ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, chumba ambacho aliyechora jengo bila shaka alikikusudia mafagio na ndoo. Dari lake liliinama kufuata ngazi. Mlangoni unasimama wima, hatua tatu mbele unainama, na ukifika kwenye meza ya kazi umekwisha kusujudu bila kupenda. Ukutani zilining'inia roli za waya wa shaba, nene juu, nyembamba chini, na kwenye rafu mota zilizoungua zilingoja zamu zao: za feni, za mashine za kufulia, za blenda. Kila aliyepanda ngazi alimkanyagia Mama Koili kichwani, naye baada ya miaka kumi na tisa alimjua kila mpangaji kwa kisigino chake.

Kusuka mota ni kazi ya kuhesabu. Unaing'oa koili iliyoungua, unahesabu mizunguko ya waya wake, kisha unasuka mpya mzunguko kwa mzunguko, na ukipotea katikati unaanza upya. Ndiyo maana ukimsalimia akiwa kazini ulijibiwa kwa namba.

"Shikamoo, mama."

"Mia na arobaini na mbili, hunioni nahesabu, mia na arobaini na tatu, marahaba, toka mlangoni unanizibia mwanga, mia na arobaini na nne."

Watoto watatu walisomeshwa na chumba kile. Wateja walioshindwa hata kukumbuka jina lake waliujua mlango wake, na walikuja na mota zao kwenye mifuko kama watu wanaopeleka wagonjwa. Chumba kingine cha namna hiyo hakikuwapo, wala yeye mwenyewe, kwa umri aliofika, hakuwa na hamu ya kuanza kuzoea visigino vipya.

Basi ikawa kwamba mota ya pampu ya jengo iliungua. Pampu hiyo ndiyo iliyopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa, na siku mbili bila maji zilitosha kuwafanya majirani wa ghorofa nne wachukiane hadharani. Mama Koili akaifungua mota, akaisuka, akairudisha, maji yakapanda, watu wakaoga, amani ikarejea. Hayo yalikuwa miezi minane nyuma. Tatizo ni kwamba tangu mwezi ule ule, bili ya mita ya pamoja, ile inayohudumia pampu na taa za ngazi, ilipanda na ikakataa kushuka.

Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa mtu wa ghorofa ya pili, mstaafu wa ofisi fulani ambako inaonekana kazi yake ilikuwa kuandika mihtasari, maana mpaka leo hawezi kusikia neno bila kuliandika. Alikuwa na daftari gumu la kijani na msemo mmoja tu: "Iandikwe." Huyu Mwenyekiti alikuwa na shemeji, mdogo wa mkewe, kijana ambaye jengo zima lilimwita Injinia. Aliyempa uinjinia huo hajulikani. Alisomea umeme miezi mitatu mahali fulani, akatoka na cheti chenye picha yake na kipimo cha kubana waya, kile wanachokiita klampu, ambacho alikivaa kiunoni hata akienda kununua mkate. Mke wa Injinia alikuwa anatafuta chumba cha kufungulia saluni. Msomaji mwenye akili ameshaanza kukitazama kile chumba cha chini ya ngazi, na Mwenyekiti naye alikuwa ameshakitazama zamani.

Jumamosi moja asubuhi, Injinia akaingia chumba cha pampu, akaubana waya wa mota kwa klampu yake, akasoma: ampea kumi. Akapima volti: mia mbili na thelathini. Akatoa simu, akazidisha, akatoka nje akiwa na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Wati elfu mbili na mia tatu!" akatangaza pale chini ya ngazi, watu wakiteremka na ndoo zao. "Na kibati cha mota kimeandikwa wati elfu moja na mia tano. Wati mia nane zinapotea humo ndani kila mkiwasha pampu. Koili zimesukwa vibaya. Ndiyo bili yenu hiyo."

Mwenyekiti akafungua daftari. Akasema kwamba, kwa masikitiko makubwa, chumba cha chini ya ngazi walipewa mafundi kwa sharti la kulinufaisha jengo, na fundi anayelitia jengo hasara itabidi akiachie mwisho wa mwezi. Masikitiko yenyewe hayakuonekana popote usoni pake.

Mama Koili alitoka akiwa na koleo mkononi na nyuzi za pamba zimemng'ang'ania nywele. "Rudia," akamwambia Injinia. "Umezidisha nini na nini?"

"Volti na ampea, mama. Ndiyo wati. Hata mtoto wa shule anajua."

"Mtoto wa shule ana betri ya tochi. Wewe una mota. Hebu niambie, una shemeji?"

"Ninaye. Si huyu Mwenyekiti?"

"Akija kwako, anaingia jikoni?"

Injinia akamtazama Mwenyekiti. "Anaingia."

"Anapika?"

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti hakuiandika hiyo.

"Hapiki," Mama Koili akaendelea. "Anaingia, anafunua sufuria, anatoka. Anaingia tena, anatoka tena. Sasa wewe ukisimama mlangoni ukahesabu wanaopita, utasema jiko hili lina wapishi wawili. Mpishi ni mmoja, yule mwingine ni shemeji. Umeme wetu huu unakwenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde. Koili inaichelewesha ampea, kwa hiyo volti inatangulia na ampea inafuata nyuma inajikokota, na sehemu yake inaingia kwenye mota na kurudi ilikotoka bila kufanya kazi yoyote. Klampu yako imesimama mlangoni, inahesabu wote wanaopita. Umesoma kibati, hukusoma mstari wa mwisho. Kosaini, sifuri nukta nane. Maana yake, katika kila kumi wanaopita, wanane ndio wanaopika."

"Kosaini ni ya hesabu za pembetatu," Injinia akasema, lakini sauti imeshuka.

"Na ya hapa. Zidisha hizo elfu mbili na mia tatu zako mara sifuri nukta nane."

Akazidisha. Elfu moja mia nane na arobaini. "Bado inazidi ya kwenye kibati," akasema haraka, kama mtu aliyeokota kitu. "Mia tatu na arobaini ziko wapi?"

"Kibati kinaandika kazi inayotoka kwenye mota, si umeme unaoingia. Zilizobaki ni joto na msuguano. Kila afanyaye kazi hutoka jasho. Wewe nakusamehe, hujawahi kuliona."

Kwa maneno alikuwa ameshinda, na watu walikuwa upande wake kwa sababu amewachekesha. Lakini Mwenyekiti alikohoa, akasema kosaini haionekani kwa macho, bili inaonekana. Na hapo, nakiri, alikuwa na hoja. Mama Koili akakata maneno: mita ya pamoja iamue. Ilikuwa ndani ya chumba cha pampu, mita ya zamani ya kisahani cha bati kinachozunguka nyuma ya kioo, chenye alama nyeusi pembeni. Juu yake imeandikwa kwamba kisahani kikizunguka mara mia sita, uniti moja imekwenda. Kisahani hicho hakihesabu wanaoingia na kutoka, kinahesabu kazi tu.

Akachukua chaki, akaandika namba mbili kwenye mlango wa chumba cha pampu, watu wote wakiona. "Mota ikila elfu moja mia nane na arobaini, kisahani kitazunguka mara kumi na nane na kitu kwa dakika. Ikila elfu mbili na mia tatu za Injinia, kitazunguka mara ishirini na tatu. Ikija yangu, nabaki na chumba changu na mtu asinifuate tena. Ikija ya Injinia, mwisho wa mwezi natoka, tena bila kugombana."

"Iandikwe," akasema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mwenye furaha.

Nesi wa ghorofa ya tatu, aliyetoka zamu muda si mrefu, alikuwa na saa ya mshale wa sekunde kifuani, na alizoea kuhesabu mapigo ya watu waliokuwa hawataki kuhesabiwa. Yeye akapewa saa. Injinia akapewa kisahani. Chumba cha pampu kilibeba watu wanne, wengine wakabanana mlangoni, fundi cherehani wa chumba cha mbele amening'iniza futi yake shingoni akichungulia kwa nyuma. Pampu ikawashwa. Ilinguruma vizuri, na Mama Koili akaisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande mmoja. Mota nzuri, kazi yake mwenyewe, hakuwa na wasiwasi hata punje.

"Anza," akasema nesi. "Simama."

Injinia alikuwa anahesabu kwa midomo. Akanyanyua macho, akapepesa. "Thelathini."

"Huwezi kuhesabu," akasema Mama Koili.

Wakarudia. Safari hii alihesabu nesi mwenyewe, na saa ikashikwa na Mwenyekiti. Thelathini na kidogo. Wakarudia mara ya tatu, Mama Koili akihesabu kwa sauti huku kidole kimegusa kioo, na alipofika ishirini na tatu sauti ikaanza kukauka, na alipofika thelathini ikaisha.

Minong'ono ikaanza mlangoni. Kumbe ni mbaya kuliko hata alivyosema Injinia! Bwana mmoja wa ghorofa ya nne, ambaye dakika tano kabla alicheka habari za shemeji mpaka akashika ukuta, sasa akasema kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua ukurasa mpya. Na Mama Koili, kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe, aliogopa. Alikiona chumba chake kimejaa viti vya saluni.

Kisha akaitazama ile namba ya Injinia kwenye mlango, ishirini na tatu, na rangi ikamrudi usoni.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Injinia, mota inavuta ampea ngapi?"

"Kumi."

"Una hakika?"

"Nimepima mwenyewe, mama."

"Basi wewe ndiye shahidi wangu, Mungu akuzidishie. Volti mara ampea ndiyo sufuria nzima. Wati zinaweza kupungua humo, haziwezi kuzidi, maana huwezi kupakua kuliko kilichopikwa. Mota hii, hata ningeisukia kwa miguu, haiwezi kuzungusha kisahani zaidi ya mara ishirini na tatu. Hizo nyingine zinatoka wapi? Zimeni pampu!"

Wakazima. Ngurumo ikafa. Wote wakainamia kioo. Kisahani kikaendelea kuzunguka, taratibu, bila aibu yoyote, alama nyeusi ikapita, ikapita tena.

Nesi akapiga mluzi. Taa za ngazi zilikuwa zimezimwa, mchana kweupe. Pampu imelala. Na mita inakula.

Jamani, mngemwona Mama Koili saa ile. Alipanuka. Woga wote uligeuka matusi. "Kuna mwizi!" akasema. "Mmenikalia kitako asubuhi nzima, kumbe kuna mtu amejiunga hapa ananyonya! Miezi minane mnalipa, mimi nasemwa, yeye yuko ndani kwake ananiangalia ninavyosulubiwa! Mtu hana haya, hana soni, anakula jasho la watu ghorofa nne na akipita ngazini ananiambia habari za asubuhi! Mwenyekiti, andika. Atakayekutwa amejiunga hapa, awe nani, awe na sababu gani, ahame mwisho wa mwezi huu. Na vitanda vyake nitambebea mimi mwenyewe!"

Pigeni kura, akasema, na mikono ikapanda. Yeye alinyoosha yote miwili. "Iandikwe," akasema Mwenyekiti, ingawa safari hii bila furaha, maana saluni ilikuwa inamponyoka.

Wakahesabu kisahani peke yake: mara kumi na mbili kwa dakika. "Wati elfu moja na mia mbili," Mama Koili akasema papo hapo, bila simu. Injinia naye, ambaye alikuwa kijana wa kusikitisha lakini si mvivu wa kupekua, akaanza kufuata nyaya zinazotoka kwenye mita. Wa pampu, hamna kitu. Wa taa, hamna kitu. Akaingiza mkono nyuma ya bomba, akapapasa, akavuta: waya wa kijivu, umeunganishwa kabla ya swichi ya pampu, unateremka na bomba na kupotea kwenye tundu la ukuta. Akaubana kwa klampu.

"Ampea tano nukta mbili. Mara mia mbili na thelathini." Akabofya simu. "Elfu moja mia moja tisini na sita. Mama, hii nayo nizidishe na kosaini? Sifuri nukta nane?"

"Hapana," akasema Mama Koili, amenogewa. "Tazama. Kisahani kinasema elfu moja na mia mbili, volti na ampea zako zinasema hiyo hiyo. Zimelingana. Humu hakuna shemeji, wote wanapika. Kosaini ni moja. Si feni hiyo, wala friji, wala kitu chochote chenye mota. Ni kitu cha kupasha moto tu. Pasi, au jiko, au ba..."

Akautazama ule waya wa kijivu.

Elfu moja na mia mbili. Balbu za wati mia, kumi na mbili.

Mota ikishasukwa huchovywa kwenye vanishi, na vanishi lazima ikaushwe kwa joto. Mama Koili alikaushia kwenye sanduku la mbao alilolitandika mabati, lenye balbu sita ndani, na balbu sita zilitosha feni na blenda. Mota ya pampu ilikuwa kubwa. Miezi minane nyuma, maji yamekatika, watu wanamgongea kila saa, aliongeza balbu zikafika kumi na mbili, na breka ya chumba chake, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ikakataa, ikaanguka kila akiiinua. Upande wa pili wa ukuta nyaya za pampu zilikuwa zimekaa bure, maana mota ya pampu iko mezani kwake. Akaunga waya hapo, akaupitisha kwenye tundu la bomba mpaka kwenye sanduku lake. Kwa muda tu. Siku mbili, mota ikauke, kisha autoe.

Nani katika dunia hii ya umeme hajafunga waya wa kwa muda? Mota ilikauka, akairudisha, watu wakampigia makofi, akapata mota nyingine za kukausha, na sanduku likaendelea kuwaka kila siku ya kazi. Mita yake ndogo ya chumbani ilipunguza kasi miezi ile, naye akajisifu kwa wanawe kwamba mama yao sasa amejua kubana matumizi.

"Pasi!" Injinia akapaza sauti. "Kitu cha kupasha moto. Ukuta huu unaelekea mbele. Nani ana pasi kutwa nzima?"

Vichwa vyote vikamgeukia fundi cherehani. Alikuwa mtu mdogo, mwenye watoto watano na sauti ya kuomba radhi hata akisema jina lake. Akaushika ule utepe wa futi shingoni kwa mikono miwili. "Pasi yangu ina mita yake," akasema. "Ndugu zangu, pasi yangu ina mita yake. Njooni muone. Mama Koili, waambie wewe, unajua mambo haya."

"Imekwisha andikwa," akasema Mwenyekiti kwa upole. Chumba cha fundi cherehani kilikuwa kikubwa kuliko cha chini ya ngazi, tena chenye dirisha.

Na Mama Koili alinyamaza. Naam, tusimpake mafuta. Alisimama pale akaupiga hesabu ukimya wake. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua tundu lile linatokea wapi. Angeweza kwenda kwake, akauvuta waya ule polepole, akauficha. Fundi cherehani angelia, angekana, wasingemwamini, na yeye angebaki na dari lake lililoinama, meza yake na roli zake, miaka mingine kumi na tisa. Fundi cherehani alikuwa bado anamtazama, na mbaya zaidi alikuwa anamtazama kwa matumaini.

"Mwacheni huyo," akasema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Msitoke. Kitazameni kisahani."

Akapenya katikati yao, akazunguka ngazi, akaingia kwake. Sanduku lilikuwa linawaka mezani, joto limejaa, mota ya feni ya mtu inakauka ndani, harufu ya vanishi kila mahali. Akashusha swichi.

Nyuma ya ukuta, sauti ya nesi: "Kimesimama!"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko na angejua la kukijibu. Walikuja mmoja mmoja wakasimama mlangoni wakimzibia mwanga, wakazitazama balbu kumi na mbili, na nesi ndiye aliyeanza.

"Lakini si umesahau tu, Mama Koili? Ni kusahau. Kila mtu husahau."

"Hata mwizi husema amesahau. Nilisema awe na sababu gani?"

"Awe na sababu yoyote," akasema Mwenyekiti, akilisoma daftari lake. Kisha akalifunga, na kwa mara ya kwanza hakujua aliweke wapi. "Tunaweza kukaa tena kikao," akasema.

"Kwa fundi cherehani mngekaa tena?"

Mwenyekiti akalitia daftari kwapani. Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, anajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Watu wakatawanyika, kwa visigino anavyovijua, mpaka akabaki Injinia peke yake. Alikuwa ameinama chini ya dari, anazitazama balbu, midomo inahesabu. Klampu ilikuwa bado mkononi.

"Mama," akasema. "Kwenye balbu. Ile hesabu yangu ya volti mara ampea. Nilikuwa sawa?"

Kati ya maneno yote aliyolazimika kuyasema siku ile, hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Ulikuwa sawa," akasema.

Injinia akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakuonekana kufurahi. Akazitazama roli za shaba ukutani, mota zinazongoja kwenye rafu, na meza iliyochimbika mahali viwiko vya mtu vilipokaa miaka kumi na tisa. "Leo tarehe ishirini na sita," akasema. "Siku nne kabla hujahama. Unaweza kunifundisha hii ya kosaini kwa siku nne?"

"Kwa kichwa chako hicho?" Mama Koili akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza, akaushika waya wa kijivu pale unapotokea kwenye tundu. "Hazitoshi. Zunguka upande ule ukaukate kwenye mita, halafu nambie nivute."